Kuomba muda kwenye supakompyuta ukiwa Uganda, mtu anaanzia wapi?

Mvua_ya_Elgon

Habari zenu wakubwa. Mi ni mwanafunzi wa masta hapa Kampala, nyumbani ni upande wa Mbale, na utafiti wangu ni juu ya mvua kubwa zinazoleta maporomoko kule Bududa, ile ya Machi 2010 na ile ya Oktoba 2018 kila mtu anazikumbuka lakini kuna nyingine ndogondogo hata redio hazikuzitaja. Nataka kuendesha modeli ya WRF, programu ya kuiga hali ya hewa kwenye kompyuta, kwa gridi ya kilomita 3 (eneo linagawanywa miraba ya kilomita 3) juu ya Mlima Elgon na pembeni yake, misimu 10 ya Machi mpaka Mei. Kwa nini kilomita 3, ni kwa sababu data kama ERA5, rekodi ya hali ya hewa ya dunia nzima, gridi yake ni kilomita 31 hivi na kwa kipimo hicho Elgon yote inageuka kichuguu, mabonde ya Bududa yamefutika, sasa mvua ya mlimani utaipata wapi.

Shida ni mashine. Kwa laptopu yangu siku moja tu ya modeli inakula usiku mzima, feni inalia mpaka mwenzangu wa chumba anabeba godoro anaenda kulala kwa jirani. Supavaiza aliniambia "we omba muda kwenye supakompyuta" kisha akapanda ndege. Nimefungua fomu za Marekani na za Ulaya, banange, kila ukurasa wanauliza mambo siyajui: saa-kori ngapi, ushahidi wa skelingi uko wapi, PI ni nani, uhifadhi terabaiti ngapi. Nilikuwa nafikiria niandike tu saa-kori milioni moja, si hata wakikata nusu bado nabaki na nyingi? Na je, mtu wa Uganda anaruhusiwa kweli au tunapoteza muda? Kulipa je? Mwenye uzoefu anisaidie, hata akinitukana kidogo sawa.

Mzee_wa_Foleni

Hakuna wa kukutukana ssebo, ila hiyo milioni ifute leo leo. Wanaopitia maombi ni watafiti wanaotumia mashine hizohizo, wengine wana modeli kama yako, wakiona namba imesimama peke yake bila hesabu chini yake wanajua umeiokota tu. Na hawakati nusu kama unavyofikiri, wanarudisha fomu nzima.

Saa-kori ni kori moja, kitengo kimoja cha kupiga hesabu ndani ya prosesa, ikishikwa saa moja, basi. Ukishika kori 64 kwa saa 2 umekula 128, hata kama nusu ya hizo kori zilikuwa zimekaa zinangoja wenzake. Na hapo ndipo skelingi inaingia, yaani kazi inaharakishwa kiasi gani ukiongeza kori, lakini nitarudi huko.

Kuhusu kulipa, mtafiti wa chuo halipi, hizi ni mashine za umma zimejengwa na pesa za serikali zao. Ila karibu kila mahali mlango unafunguliwa na mtu, fomu inakuja baadaye. PI ndiye mwenye mradi, yeye ndiye anajibu wakiuliza masaa yameenda wapi, na masharti ya nchi yanamhusu yeye kwanza. Kwa Marekani mpango unaitwa ACCESS, ulianza Septemba 2022 ukachukua nafasi ya ule wa zamani, XSEDE. PI lazima awe kwenye taasisi ya Marekani, hapo we na supavaiza wako nyote hamuingii. Lakini PI akishapata mradi anaongeza watumiaji, na mtumiaji anaweza kuwa amekaa Wandegeya anakula rolex, hawana neno. Ngazi ya chini inaitwa Explore, hadi krediti 400,000, na wanachotaka ni ikisiri fupi tu. Inayofuata ni Discover, hadi milioni 1.5 na ukurasa mmoja wa maelezo. Juu ya hapo ndiyo inaanza kuwa kazi ya kuandika kweli. Krediti PI anazibadilisha kuwa masaa ya mashine anayotaka, kila mashine na kiwango chake. Kwa hiyo swali lako la kwanza si fomu, ni hili: supavaiza wako ana mwenzake gani kule wanaoandika naye pepa?

Ulaya ni hivyohivyo, EuroHPC, mpango wa supakompyuta wa Ulaya, wana LUMI kule Kajaani Finland, Leonardo iko Bologna, MareNostrum 5 Barcelona, na wana maombi madogo ya kupima na kutengeneza kodi kabla ya yale makubwa, lakini tena wanataka mwombaji wa nchi zao. Halafu angalia, LUMI nguvu yake kubwa iko kwenye GPU (prosesa za michoro) za AMD na WRF ya kawaida inakimbia kwenye CPU, prosesa za kawaida. Ukiomba saa za GPU kwa WRF umejifukuzisha mwenyewe kabla hawajafika ukurasa wa pili.

Karibu na nyumbani kuna CHPC, kituo cha supakompyuta cha Afrika Kusini pale Cape Town, mashine yao Lengau iliwashwa 2016, nodi (kompyuta moja moja ndani ya supakompyuta) 1,368 za kori 24 kila moja, si kijana tena lakini WRF imekaa pale miaka mingi na watu wa hali ya hewa wa kusini mwa Afrika wanaijua kama nyumbani kwao. Huko pia tafuta mshirika wa chuo cha kule mwenye mradi unaoendelea tayari, ni haraka kuliko kuanzisha mpya.

Sasa fanya hivi kabla ya kuandika barua hata moja. Tafuta klasta (kompyuta kadhaa zilizounganishwa) yoyote ndogo hapahapa, ya chuo, ya idara jirani, hata seva moja yenye kori nyingi ambayo mtu hatumii wikendi. Chukua siku MOJA ya modeli yako, gridi ileile utakayotumia, fizikia ileile (kanuni ulizochagua za mawingu, mvua na kadhalika), iendeshe kwa kori 32, kisha 64, 128, 256 kama utapata. Usipime kwa saa ya mkononi tangu umebonyeza, mwanzoni modeli inasoma faili na hatua ya kwanza huwa nzito. Fungua faili la rsl.error.0000 ambalo WRF huandika, kuna mistari ya "Timing for main", kila hatua imeandikwa sekunde zake, chukua wastani wa zile za katikati. Tuletee hizo namba hapa ndo tutazungumza.

Boda_ya_Data

Mi nauliza tu, kwa nini mtu ahangaike na barua za wazungu na PI? Nunua mashine yako ya kori 32, hizi zilizotumika zinapatikana mjini, ama kodi klaudi unalipa kwa saa unamaliza. Nimeona watu wanangoja majibu ya propozali mpaka masta inaisha. Uhuru kaka.

Mzee_wa_Foleni

Boda, kwa mashine ya kununua sikupingi, tuone kwanza namba zake. Kwa klaudi nakupinga. Masaa utalipa kwa dola na kadi, sawa, lakini kuna malipo ya kutoa data nje ya klaudi ambayo watu hawayaoni mpaka bili ifike, na modeli ya hali ya hewa inazaa data kuliko kitu chochote. Mwanafunzi asiye na granti asiguse hiyo bila mtu wa kumlipia.

DadaGenomu

Jamani msiruke ya nyumbani haraka hivyo. Mimi niko upande wa bioinfomatiki na kwetu Uganda haiko nyuma kama watu wanavyodhani. Pale Makerere, IDI (taasisi ya magonjwa ya kuambukiza), kuna ACE, kituo cha bioinfomatiki na sayansi ya data kilichoanza 2019, wana klasta yao, na Entebbe kwenye UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi, kuna kitengo cha MRC (baraza la utafiti wa tiba la Uingereza) chenye kompyuta zake za data za afya, na ile kazi ya jenomu za Waganda karibu 2,000 zilizosomwa nzimanzima ilitoka kwenye utafiti wa kitengo hicho. Najua hizo zimejengwa kwa ajili ya afya, mtu wa mvua hataenda kudai kori 256 kwa mwezi. Lakini jaribio la siku moja moja kama alilosema Mzee hapo juu ni kitu kidogo sana, ukimwandikia msimamizi wa klasta kwa adabu, ukamwambia utatumia kori ngapi kwa saa ngapi na lini, unashangaa. Wasimamizi wa klasta wanachoogopa ni mtu asiyejua anachotaka, anayekuja kuendesha kazi kwenye nodi ya kuingilia na kugandisha watu wote.

Kwetu sisi wa data za binadamu mambo ni tofauti na nalisema kwa faida ya wengine watakaosoma hapa. Usikimbilie mashine ya nje kwa sababu ni kubwa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kuna kamati ya maadili, kuna kibali cha UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), na fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa alitia sahihi, kama pale haikuandikwa kwamba data zitatoka nchini hakuna supakompyuta itakayokuokoa. Propozali nzuri ya masaa inakwama hapo kwa urahisi kabisa. Na kama kazi yako ni ndogo, kupanga sikwensi za bakteria na kadhalika, jaribu Galaxy kwanza, mfumo wa kuchambua data mtandaoni, usegalaxy.eu unafungua akaunti kwa barua pepe tu na unafanyia kwenye brauza, hakuna PI hakuna nini.

Elgon una bahati, mvua haihitaji kutia sahihi ya ridhaa.

Mvua_ya_Elgon

Hahaha dada asante. Na Mzee asante sana. Nimepata, sitataja wapi maana mwenye klasta alinipa kwa wema tu na sitaki apigiwe simu na darasa zima, lakini ni klasta ya hapahapa nchini na alinipa wikendi. Nimefanya siku moja ya modeli kwa kilomita 3, hizi ndizo namba:

kori 32: dakika 100
kori 64: dakika 55
kori 128: dakika 34
kori 256: dakika 29

Kwa hiyo nitaomba kori 256 kwa sababu ndiyo haraka zaidi, au? Na faili la kila saa linatoka kama megabaiti 300. Eduroam ya kampasi ikiwa na siku nzuri nashusha megabiti 20 kwa sekunde, ikiwa na siku mbaya tusiseme.

Mzee_wa_Foleni

Namba safi kabisa hizi, na ndizo zitakazokuandikia propozali, angalia sasa.

Kori 256 hapana. Piga hesabu ya bei badala ya haraka. Kori 32 kwa dakika 100 ni saa-kori 53. Kori 64 kwa dakika 55 ni 58.7. 128 ni 72 na nusu. 256 ni karibu 124! Umeongeza kori mara nane na umeharakisha mara tatu na nusu tu, ufanisi 43 kwa mia, zaidi ya nusu ya masaa unamwaga chini, maana gridi yako si kubwa na ukiikatakata vipande vingi kila kori inabaki na kipande kidogo halafu muda wote wanapeana habari za mipakani badala ya kupiga hesabu. Kwa kori 64 ufanisi ni 91 kwa mia, 128 ni 74. Hiyo jedwali ndogo ndiyo wanayoita ushahidi wa skelingi, iweke kwenye propozali pamoja na jina la mashine uliyopimia, aina ya prosesa, na toleo la WRF. Mwenye kupitia maombi akiona umeomba 64 huku ukionyesha kwamba 256 ingekuwa haraka zaidi, ameshakuamini nusu.

Ila kuna mtego. Mashine nyingi kubwa zinakutoza nodi nzima. Chukua ARCHER2 ya Edinburgh, nodi ina kori 128 na hesabu inaenda kwa nodi, ukitumia kori 64 kwa dakika 55 unalipishwa zote 128, ni saa-kori 117, afadhali ungejaza nodi yote ukalipa 72. Kwa hiyo "64 ndiyo bora" ni jibu la klasta uliyopimia, ukijua unakwenda mashine gani unarekebisha, ama unapakia jobu mbili kwenye nodi moja kama wanaruhusu.

Sasa jumla. Misimu 10 ya siku 92 ni siku 920, mara 58.7 ni kama saa-kori 54,000. Ongeza robo kwa majaribio na jobu zitakazokufa, 67,500. Unaona milioni yako ilikuwa wapi.

Lakini mimi nakuuliza kitu kingine, na huyo wa kupitia maombi atakuuliza pia: hizo siku 920 zote za nini? Swali lako ni mvua iliyoleta maporomoko. Siku nyingi za msimu Bududa hakuna kilichoanguka. Matukio unayo mangapi yenye tarehe unazoziamini?

Mvua_ya_Elgon

Yenye tarehe ya uhakika ni 12. Mengine watu wanasema "wiki ile ya Pasaka" hivyo siyaamini. Na tena hapo umenigusa kidonda maana ile ya Oktoba 2018 iko nje ya Machi–Mei na nilikuwa sijui niiweke wapi.

Mzee_wa_Foleni

Si umeona. Basi acha misimu kwa kilomita 3. Matukio 12, kila moja siku 3 na siku moja ya mbele ya modeli kutulia, ni siku 48. Mara 58.7 ni kama 2,820. Hiyo ya Oktoba inaingia bila shida maana hufuati tena msimu.

Akiba uliyopata usiile, peleka kwenye gridi. Kwa maporomoko kilomita 3 bado ni pana, kuna mabonde pale upana wake haufiki hapo. Weka gridi ya kilomita 1 ndani ya hiyo ya 3. Kanuni ni kwamba ukigawa gridi kwa 3 juu ya eneo lilelile unalipa mara 27, tatu kwa upana, tatu kwa urefu, na tatu kwa sababu hatua ya muda nayo lazima ipungue, WRF inataka sekunde kama 6 kwa kila kilomita ya gridi, sekunde 18 zinakuwa 6. Lakini wewe hutaki Kenya nzima kwa kilomita 1, unataka mteremko wa magharibi wa Elgon. Ukiweka eneo dogo lenye idadi ileile ya vituo vya gridi unalipa mara 3 tu, 8,460. Jumla na ile ya nje 11,280, na robo ya akiba ni 14,100. Na kama supavaiza bado anataka misimu 10 kwa ajili ya takwimu mpe kwa kilomita 9, kwa eneo lilelile ni moja ya 27 ya zile 54,000, yaani 2,000 tu.

Data nazo: mpango wa kwanza faili 22,080 za megabaiti 300 ni terabaiti 6.6, kwa megabiti zako 20 ni mwezi mzima unashusha mchana na usiku. Mpango huu ni gigabaiti 690 hivi kwa gridi zote mbili, siku 3 na kidogo. Na hata hizo usizishushe zote, toa mvua, upepo na unyevu kulekule kwenye mashine, zikandamize, leta nyumbani hizo tu. Andika hivyo kwenye sehemu ya uhifadhi, ni sehemu wanayoisoma kwa makini maana diski zinajaa kabla ya kori. Na uliza mapema ile diski ya muda inafutwa baada ya siku ngapi, kuna watu wamelia.

Boda_ya_Data

Samahani nirudi. Saa-kori 14,100 kwa mashine ya kori 32 ni saa 440. Siku 18 na kitu. SI NILISEMA.

Mzee_wa_Foleni

Ulisema, na kwa hesabu hii uko sawa zaidi ya nilivyotaka. Kama idara ina mashine ya kori 32 imekaa, kazi hii inamalizika pale bila kumwandikia mtu yeyote. Stima ikikatika siyo mwisho, weka restart_interval kwenye namelist (faili la mipangilio ya WRF) modeli iandike faili la kuendelea kila saa 6 za modeli, ikirudi unaanzia hapo. Ila hesabu yako ni ya mashine isiyolala, isiyoshirikiwa, na ya mara moja tu. Akitaka kubadilisha fizikia alinganishe seti tatu, jambo ambalo mtahini yeyote wa hali ya hewa atamwambia afanye, ni siku 55, na hapo ndipo anahitaji foleni ya mashine kubwa inayoendesha matukio 12 kwa pamoja. Faida yenyewe ya klasta kwake ni hiyo hasa, matukio hayategemeani, kila moja jobu yake ndani ya Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi, unatuma zote jioni unazima laptopu. Kampala yote ikiwa giza zenyewe zinaendelea.

Kwa hiyo omba mara tatu ya 14,100 ukieleza seti tatu za fizikia, 42,300, na bado uko ndani ya ngazi za chini za karibu kila mpango.

Nnyabo_wa_Granti

Nimesoma yote, mimi si mtu wa kompyuta, nafanya kazi ofisi ya granti ya chuo kimoja na fomu hizi zinapita mezani kwangu. Mwanangu Elgon nikuongezee ya karatasi.

Barua pepe iwe ya chuo. Ya gmail wanaikataa sehemu nyingi hata kabla ya kusoma jina lako, na kufungua ya chuo kwa mwanafunzi kunaweza kuchukua wiki kadhaa kutegemea nani yuko ofisini, kwa hiyo anza hiyo leo. PI mara nyingi wanataka aliyeajiriwa kwa kudumu ama kwa mkataba utakaopita muda wa mradi, mhadhiri wa muda atakuangusha. Hawatafuti profesa, wanatafuta mtu ambaye hatapotea.

Kwa huyo mshirika wa nje usimwandikie wewe kwanza. Mwambie supavaiza wako aandike mistari mitatu ya kukutambulisha, kisha wewe ufuate siku hiyohiyo na ukurasa mmoja: swali lako, jedwali la skelingi, ile 42,300 na ilivyopatikana, terabaiti, na tarehe unayohitaji kumaliza. Mtu mwenye shughuli nyingi akipewa kitu anachoweza kunakili kwenye fomu yake anasaidia. Akipewa "naomba msaada wa masaa" anaweka pembeni mpaka wikendi ambayo haiji.

Na muulize mapema kuhusu jina lake kwenye pepa. Hii wanafunzi wanaogopa kuuliza halafu inaleta maneno mwaka wa pili. Pia mashine nyingi zina sentensi yao ya shukrani ambayo lazima iwekwe kwenye chapisho neno kwa neno, inakili sasa uiweke kwenye faili la tasnifu.

Mvua_ya_Elgon

Mama asante sana, na nyote. Supavaiza ametua, amesema ana mtu anayemjua waliyekuwa naye kwenye warsha, anamwandikia kesho. Nimeandika hivi kwa ile sehemu ya hesabu, nisahihishieni: "Matukio 12 × siku 4 × seti 3 za fizikia. Gridi ya km 3 na ya km 1 ndani yake: saa-kori 235 kwa siku ya modeli, kwa kipimo cha kori 64. Jumla 33,840, pamoja na 25% ya majaribio 42,300. Uhifadhi wa muda terabaiti 2.1, wa kudumu gigabaiti 200."

Mzee_wa_Foleni

235 kwa gridi zote mbili, 58.7 mara 4, sawa. Ila ulichopima ni ile ya kilomita 3, ya ndani bado ni makisio yako. Andika wazi kwamba imekisiwa kwa mara 3, ama bora zaidi rudi kwa yule mwenye klasta umwombe usiku mmoja mwingine upime tukio moja na gridi zote mbili. Na namelist.input iambatanishe, wengine wanaifungua kabla ya kusoma kitu kingine chochote.